Somo la Afya: Karatasi ya Ini na Hatari ya Kisukari



Somo letu la safari hii limeletwa na karatasi moja ya maabara. Mwenye karatasi hiyo ni mwenzetu, mpakiaji wa mizigo mwenye umri wa miaka 43, mzaliwa wa Kivu, ambaye anaishi na familia yake katika makazi ya Nakivale, Wilaya ya Isingiro, na aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda kimoja upande wa Mbarara. Kiwandani hapo wafanyakazi wote walitolewa damu kupimwa afya. Baada ya siku chache aliitwa ofisini, akaonyeshwa namba tatu zilizopigiwa mstari mwekundu, akaambiwa: "Wewe ini lako limeharibiwa na pombe. Kaa nyumbani mpaka utakapoacha kulewa." Ndugu huyu hanywi pombe, na majirani zake wote wanajua hivyo.

Alituletea karatasi hiyo akiwa na maswali mawili. La kwanza: "Je, ninakufa?" La pili: "Je, wana haki ya kunifanya hivi?" Tuliwauliza wenye ujuzi wa kazi hiyo, tukasoma, tukajadiliana. Tumeona kwamba maswali yake ni ya wengi, maana siku hizi waajiri wengi hupima damu, na wafanyakazi hupewa karatasi yenye herufi na namba bila maelezo yoyote. Basi tuyajibu hatua kwa hatua.

Ini ni kiwanda, tena ni ghala

Ini lipo upande wa kulia wa tumbo, chini ya mbavu. Kwa mtu mzima lina uzito wa kama kilo moja na nusu. Damu inayotoka matumboni ikiwa imebeba chakula hupita kwanza kwenye ini kabla ya kwenda kwingine. Hapo ini hupokea, hukagua, hugeuza, husafisha na kuweka akiba. Pombe huvunjwa hapo. Dawa nyingi tunazomeza hushughulikiwa hapo. Lakini kazi inayohusu somo hili ni ile ya sukari.

Ukila matoke, posho, muhogo au wali, wanga wa chakula hicho husagwa na kugeuka sukari, nayo huingia katika damu. Hapo kiungo kiitwacho kongosho, kilicho nyuma ya tumbo, hutoa insulini. Insulini ni kama karani wa ghala. Huiambia misuli na ini: "Mzigo umefika, fungueni milango, pokeeni." Misuli huchukua sukari kwa ajili ya nguvu. Ini huchukua sehemu yake na kuiweka akiba. Usiku tukiwa tumelala, au shambani kabla ya chakula cha mchana, ini hutoa akiba hiyo kidogo kidogo ili ubongo na moyo visikose nguvu. Sukari ikiwa tayari ya kutosha katika damu, insulini huliambia ini: "Inatosha, funga."

Mpango huu ukienda sawa, hatuusikii kabisa. Ukiharibika, sukari hubaki nyingi katika damu saa zote. Huo ndio ugonjwa wa kisukari.

Vimeng'enya ni vifaa vya kazi

Ndani ya ini kuna mabilioni ya chembe hai, na kila chembe ni karakana ndogo. Vifaa vya karakana hiyo huitwa vimeng'enya. Hivi ndivyo vinavyofanya kazi ya kuvunja kitu hiki na kujenga kile. Kwa kawaida vifaa hukaa ndani ya karakana, na vichache tu huonekana katika damu, kwa kuwa chembe kuukuu hufa na mpya huzaliwa kila siku.

Tuseme unapita barabarani karibu na karakana ukaona nyundo, misumeno na bisibisi zimetapakaa nje. Utajua mara moja kwamba humo ndani kuna tatizo: ama ukuta umebomoka, ama mlango umevunjwa. Lakini kwa kutazama nyundo tu huwezi kujua kama ni mafuriko, ni moto au ni wezi. Kipimo cha vimeng'enya vya ini ni hivyo hivyo. Huhesabu vifaa vilivyotapakaa katika damu. Hutuambia kwamba kuna karakana zilizoumia. Hakituambii nani aliyeziumiza.

Kwenye karatasi utaona herufi zifuatazo:

ALT. Hiki kwa sehemu kubwa hutoka kwenye ini. Kikiwa juu, ini ndilo la kwanza kufikiriwa.

AST. Hiki hutoka kwenye ini, lakini pia kwenye misuli na moyo. Mwaka 1954 wataalamu wa New York walipoanza kukitumia kutambua ugonjwa, walikitumia kwa watu waliopatwa na shambulio la moyo, si kwa wagonjwa wa ini.

GGT. Hiki hupanda mtu anapokunywa pombe nyingi. Lakini hupanda pia ini likijaa mafuta, njia za nyongo zikiziba, na kwa baadhi ya dawa, zikiwemo dawa fulani za kifafa.

Karibu na kila namba maabara huandika kiwango chake cha kawaida. Maabara nyingi huweka mpaka wa juu wa ALT karibu na yuniti 40 kwa lita, lakini mpaka huo hutofautiana kutoka maabara moja hadi nyingine, na wanawake mara nyingi huwekewa mpaka wa chini zaidi. Kwa hiyo usilinganishe namba yako na ya mwenzako aliyepimwa mahali pengine. Tazama kwanza mpaka ulioandikwa kwenye karatasi yako mwenyewe.

Mwenzetu wa Nakivale alikuwa na ALT 71, AST 48 na GGT 96. Namba zote tatu zilipita mpaka wa maabara ile.

Ini na kisukari vinakutana wapi?

Ini likipokea sukari nyingi kuliko inavyotumika, na ghala likajaa, huanza kuigeuza ile ya ziada kuwa mafuta. Mafuta kidogo hayana neno. Lakini yakizidi siku baada ya siku, hujaa ndani ya chembe za ini zenyewe. Hii ndiyo hali iitwayo ini lenye mafuta. Haina maumivu. Mtu huendelea kubeba magunia na kulima kama kawaida, pengine akisikia uchovu tu ambao anaudhania ni wa kazi.

Ini lililojaa mafuta hufanya mambo mawili. Kwanza, baadhi ya karakana zake huumia, na vifaa vikavuja kwenye damu. Hapo ALT na GGT hupanda. Pili, ini huwa zito wa kusikia. Karani wa ghala anapiga kelele, "Inatosha, funga," lakini ini halifungi. Linaendelea kumwaga sukari usiku kucha. Kongosho, kwa kuona sukari haishuki, huongeza insulini, likafanya kazi zamu mbili, zamu tatu, kama mfanyakazi asiyepewa mapumziko. Kwa miaka kadhaa laweza kuhimili. Kisha huchoka, na kisukari hujitokeza waziwazi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ushike jambo hili: vimeng'enya havileti kisukari. Vimeng'enya na kisukari vyote viwili vyaweza kuwa matawi ya mti mmoja, yaani ini lililoacha kuisikiliza insulini. Tofauti ni kwamba tawi la vimeng'enya mara nyingi huonekana mapema, hata miaka kabla ya tawi la kisukari. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Nasi tunaongeza: si kila wingu huleta mvua, lakini mwenye busara akiona wingu huanua mahindi yake.

Wataalamu walivyojifunza kwa wafanyakazi

Mambo haya hayakugunduliwa kwa kukisia. Uingereza, wanaume zaidi ya 7,000 wa makamo kutoka miji 24 walifuatiliwa kwa miaka mingi, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1998 yalionyesha kwamba wale waliokuwa na GGT ya juu mwanzoni walipata kisukari zaidi kuliko wenzao. Mwaka 2002 yalitolewa matokeo ya watu wa kabila la Pima huko Arizona, Marekani, ambao kisukari kimewatesa sana. Hapo ALT ya juu ndiyo iliyotangulia ugonjwa.

Uchunguzi unaotugusa zaidi sisi wafanyakazi ulifanywa Korea Kusini na kuchapishwa mwaka 2003. Wanaume zaidi ya 4,000 wa kiwanda cha chuma walipimwa na kufuatiliwa kwa miaka minne. Kadiri GGT ilivyokuwa juu, ndivyo hatari ya kisukari ilivyoongezeka, ngazi kwa ngazi. Na ilikuwa hivyo hata kwa watu ambao namba yao ilikuwa bado ndani ya kiwango kinachoitwa cha kawaida.

Tuna somo mara mbili hapo. Kwanza, watu wale walikuwa wafanyakazi wa chuma, si mabwana wa kukaa ofisini. Kazi ngumu peke yake haimkingi mtu na kisukari. Pili, damu iliyochukuliwa kiwandani ilitumika kuonyesha hatari mapema. Damu hiyo hiyo, ikiangukia mikono isiyojali, hutumika kumfukuza mtu kazi.

Lakini tuwe waangalifu. Uchunguzi huo ulifanywa katika nchi ambazo chakula, magonjwa na dawa zao si kama zetu. Huku kwetu namba hizo zinaweza kupanda kwa sababu nyingine nyingi, na ni lazima tuzijue.

Sababu nyingine za namba kupanda

Kazi nzito. Misuli ikichoka sana huvujisha AST, na hata ALT kidogo. Imeonekana kwamba watu wazima wenye afya njema wakinyanyua vyuma vizito bila kuzoea, vimeng'enya vyao hubaki juu kwa siku saba au zaidi. Basi kibarua aliyepakia lori zima la ndizi au mifuko ya saruji jana, akapimwa leo, anaweza kuonekana mgonjwa wa ini bila kuwa mgonjwa. Mwambie mpimaji kazi uliyofanya wiki ile.

Homa ya ini aina ya B. Ugonjwa huu huambukizwa kwa damu, kwa ngono, na kutoka kwa mama hadi mtoto anapozaliwa. Uganda ilianza kuwachanja watoto wachanga mwaka 2002, kwa hiyo wengi wetu watu wazima hatukupata chanjo hiyo utotoni. Kipimo chake kipo, chanjo ipo, na kwa mwenye virusi anayehitaji, dawa ya kuvizuia ipo pia.

Pombe. Hatufichi. Waragi na tonto vinaangusha wenzetu wengi. Anayekunywa aseme ukweli kwa mganga, maana ukweli huo ni sehemu ya tiba. Lakini asiyekunywa asisingiziwe.

Dawa. Baadhi ya dawa za kifua kikuu, na baadhi ya dawa nyingine za muda mrefu, huweza kuliumiza ini. Tunasisitiza: usiache dawa za kifua kikuu wala za virusi vya ukimwi kwa uamuzi wako mwenyewe. Nenda kituoni haraka ukaonwe. Lakini kama unatumia dawa za kifua kikuu na macho yamekuwa manjano, mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi, au unatapika mfululizo, nenda siku hiyo hiyo, usingoje kesho.

Mitishamba na sumu. Mizizi na majani yasiyojulikana kipimo chake, viyeyushi vya rangi na vya kusafishia mitambo, dawa za kunyunyizia mashambani, na karanga au mahindi yaliyoota ukungu, vyote vinaweza kudhuru ini.

Mtu akishajua orodha hii, ataona kosa la ofisi ile. Walichukua nyundo iliyoanguka barabarani wakadai wamemwona mwizi.

Je, ni ugonjwa wa matajiri?

Tumezoea kusikia kwamba kisukari ni ugonjwa wa wenye magari na matumbo. Hesabu hazisemi hivyo. Serikali ya Uganda ilipofanya uchunguzi wa taifa mwaka 2014, kisukari kilikutwa kwa mtu kama mmoja kati ya kila watu wazima 70, na karibu nusu ya waliokutwa nacho hawakuwa wakijua kwamba wanacho. Hawakujua kwa sababu hakuna aliyewapima.

Tuangalie maisha ya Nakivale. Makazi haya yalianza mwaka 1958 kwa ajili ya watu waliokimbia Rwanda, na leo yana watu wa Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia na kwingineko. Wengi hutoka alfajiri kwenda kufanya vibarua katika mashamba ya ndizi ya Isingiro, wengine huenda Mbarara. Mwaka 2020 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kupunguza mgao wa wakimbizi nchini Uganda kwa kukosa fedha, mwaka 2023 likawagawa watu katika makundi kulingana na shida zao, na mwaka 2025 watu wapatao milioni moja nchini wakaondolewa kabisa katika mgao. Mwenye shilingi chache hununua kinachoshibisha haraka: unga mweupe wa mahindi, chapati, chai yenye sukari nyingi, soda. Maharage, mboga za majani na samaki hupungua mezani. Mtu anaweza kuwa na njaa na bado ini lake likapokea wanga na sukari tupu.

Njaa yenyewe pia si kinga. Ini la mtoto mwenye kwashakoo hujaa mafuta kwa kukosa chakula cha kujenga mwili. Na mwezi wa Aprili 2025 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilitambua rasmi aina ya kisukari inayotokana na utapiamlo, ambayo huwapata watu wembamba. Kwa hiyo mtu mwembamba asijidanganye, wala asidharauliwe na mpimaji eti "wewe huwezi kuwa na sukari."

Karatasi ikionyesha namba za juu, ufanye nini?

1. Usikate tamaa, wala usiitupe karatasi. Iweke. Kipimo cha pili kikija, vitalinganishwa.

2. Pima sukari. Hili ndilo jambo kuu la somo hili. Vimeng'enya vya ini havipimi kisukari. Sukari hupimwa kwa kipimo cha sukari. Kama fedha au nauli inatosha kipimo kimoja tu, na huna macho ya manjano wala dalili nyingine za ini, kipimo cha sukari cha tone la damu la kidoleni ni rahisi zaidi na hupatikana karibu zaidi kuliko kurudia vipimo vyote vya ini. Nenda asubuhi kabla ya kula, ukiwa umefunga kwa saa nane au zaidi, maji unaruhusiwa.

3. Zielewe namba za sukari. Ukiwa umefunga, chini ya 6.1 ni kawaida. Kuanzia 6.1 hadi 6.9 ni onyo, yaani uko njiani kuelekea kisukari. Kuanzia 7.0 ni kisukari, lakini kama huna dalili, kipimo hurudiwa siku nyingine kabla ya kutoa hukumu. Mashine nyingine hutumia hesabu tofauti: hapo 110 hadi 125 ni onyo, na 126 kwenda juu ni kisukari. Kipo pia kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili au mitatu. Kwa hicho 6.5 kwa mia na kuendelea ni kisukari. Mwenye upungufu wa damu au selimundu amwambie mganga, kwa sababu kipimo hicho cha wastani kinaweza kumdanganya.

4. Omba kupimwa homa ya ini aina ya B, na umweleze mganga dawa zote, mitishamba na kazi yako.

5. Rudia kipimo cha ini baada ya wiki kadhaa kama mganga atakavyosema. Namba moja ya siku moja ni picha. Namba mbili au tatu ni habari kamili.

Kuhusu mahali pa kwenda: vituo vya afya vilivyo ndani ya makazi ya Nakivale huwahudumia wakimbizi na wananchi wa Uganda wanaoishi jirani. Vipimo vikubwa zaidi hupelekwa katika hospitali ya rufaa ya Mbarara, ambayo pia ndiyo wanakofundishwa waganga wa chuo kikuu kilichoanzishwa mjini humo mwaka 1989. Uganda ilifuta malipo katika vituo vya serikali mwaka 2001. Omba barua ya rufaa kituoni kwako kwanza, ili usifike mjini ukaambiwa urudi.

Dalili za kisukari zisizopaswa kungoja ni hizi: kiu isiyokatika, kukojoa mara nyingi usiku, kukonda bila sababu, macho kuona ukungu, ganzi ya nyayo, na vidonda visivyopona. Mwenye kidonda mguuni ndani ya mabuti ya kazini asikifiche.

Habari njema

Ini lina sifa moja ambayo mashine zetu hazina: hujitengeneza. Mafuta yaliyojaa humo yanaweza kupungua. Mtu mnene akipunguza hata sehemu moja ya kumi ya uzito wake, ini hupata nafuu kubwa. Huko Uingereza, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba karibu nusu ya watu waliokuwa na kisukari cha miaka michache, na ambao walisaidiwa kupunguza uzito kwa kiasi kikubwa, walikuwa wameondokana na viwango vya kisukari baada ya mwaka mmoja bila dawa. Mafuta ya ini yalipopungua, ini lilianza tena kumsikia karani wake. Haya hayamhusu mtu aliyekonda. Yeye anahitaji chakula bora na uchunguzi wa mganga, si kupunguzwa.

Kwa mfuko wa kibarua, hatua zenyewe ni hizi: acha soda na upunguze sukari kwenye chai, punguza rundo la posho na uongeze maharage, dodo na mboga nyingine, acha au punguza pombe, tembea siku ambazo kazi yako ni ya kukaa au kusimama mahali pamoja, lala vya kutosha kadiri zamu inavyoruhusu. Na mwenye kisukari atumie dawa alizopewa. Metformini, kidonge kinachotumika sana, hufanya kazi yake kubwa kwenye ini lenyewe: hulipunguzia kumwaga sukari.

Jibu la swali la pili

Je, mwajiri ana haki ya kumsimamisha mtu kwa namba hizo? Kipimo cha vimeng'enya hakithibitishi ulevi, wala hakithibitishi kwamba mtu hawezi kazi. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi aliyemaliza angalau mwezi mmoja kazini, akiugua na kuleta cheti cha mganga, mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza wa ugonjwa. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka huo huo inatambua haki ya mkimbizi kufanya kazi. Na Sheria ya Kulinda Taarifa za Mtu Binafsi ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya kuwa za kulindwa kwa namna ya pekee. Karatasi ya damu yako si tangazo la kubandikwa ukutani, wala si la kusomwa na kila karani.

Mwenzetu alipimwa upya. Homa ya ini aina ya B hakuwa nayo. Sukari yake akiwa amefunga ilikuwa 6.6. Basi lile lililoitwa ulevi lilikuwa onyo la kisukari, na hakuna mtu ofisini aliyemwambia apime sukari. Baada ya miezi mitatu bila soda, na kwa kutembea kila jioni, ALT ilishuka hadi 44 na sukari hadi 5.8. Tawi lilipeleka barua ya mganga kiwandani mapema, naye alirudishwa kazini baada ya wiki saba. Mshahara wa wiki hizo bado hajalipwa, na sisi bado tunaudai.

Kwa hiyo tawi lolote ambalo mwajiri anataka kupima damu lidai mambo manne: kila mfanyakazi apewe karatasi yake mwenyewe, aelezwe na mganga, si na karani, mwenye namba ya juu ya ini apimwe na sukari pia kwa gharama ya mwajiri, na asiondolewe mtu kazini kwa namba peke yake.

Maswali ya kujadiliana katika tawi

1. Kwa nini kipimo cha vimeng'enya hakiwezi kutuambia nani aliyeliumiza ini?
2. Mpakiaji amepimwa siku moja baada ya kazi nzito. Namba ipi inaweza kupanda, na kwa nini?
3. Ini lenye mafuta huchangiaje kuleta kisukari?
4. Mwenzako amekonda, ana kiu na anakojoa usiku. Utamshauri aende kupima nini?
5. Katika kiwanda au shamba lenu, nani anatunza karatasi za damu za wafanyakazi? Ulizeni, mwandike jibu, mlete kwenye mkutano ujao.